Baiskeli mbili zilivyonitafutisha stoo

Leo naongea na wewe unayeuza mtandaoni halafu stoo yako ni chini ya kitanda. Nguo zinakaa, viatu vinakaa. Baiskeli je?

Februari nilinunua mbili za mtumba, za gia, 180,000 kila moja. Hesabu yangu ilikuwa kuuza 260,000, faida 80,000 kwa moja. Nikapiga picha safi, nikaweka status. "Bei gani?" zikaja nyingi, hela hamna. Mara masika hayo, mtaa wetu wote hapa Mbagala ukawa tope. Nani ananunua baiskeli kipindi hicho? Wateja wangu ni wazazi, na wao wananunua shule zikifungwa, Juni na Desemba. Kwa hiyo nilikuwa na miezi ya kulea mzigo.

Naishi chumba kimoja. Nikaziegesha koridoni. Wiki ya tatu siti ya ile ya bluu ikaondoka, zile za kufungua kwa mkono bila spana. Nyingine 25,000. Minyororo ikaanza kutu. Mwenye nyumba naye akasema hii ni nyumba, siyo gereji.

Nikaenda kwa dalali. Fremu 80,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni 480,000, na mzigo wenyewe nilinunua 360,000! Bado hela ya dalali.

Hapo nikaacha kuulizia chumba cha kupanga, nikaanza kuulizia nani ana nafasi imelala. Utashangaa. Banda la mradi uliokufa, gereji ya mtu aliyeuza gari, stoo ya duka iliyobaki nusu tupu. Hawa hawabandiki tangazo kwa sababu hawajui kama ile kona ni hela.

Mtaa wa pili kuna mama alikuwa anafuga kuku. Chumba alichowekea chakula cha kuku kina bati zima, mlango na kitasa. Nikamwendea jioni. "Shikamoo mama, naomba kona tu, siyo chumba." Akaniuliza kama kuna petroli, na kama nitakuwa nakuja usiku. Maswali ya haki kabisa. Tukakubaliana 10,000 kwa mwezi kwa zote mbili, nalipa miezi miwili miwili, wateja nawaleta mchana tu na napiga simu kwanza.

Tukaandikishana mbele ya mjumbe: namba za fremu (angalia kwa chini, pale pedeli zinapoingilia), picha, nani ana ufunguo, na notisi ya mwezi mmoja. Mama ni mtu mwema, lakini siku akisafiri nitaongea na watoto wake, na wao hatukukubaliana nao chochote.

Kona ilikuwa finyu. Fundi akanionyesha kulegeza usukani na kuulaza sambamba na fremu, kisha kutoa pedeli. Baiskeli inabaki bapa kama mlango. Ila pedeli ya kushoto inafunguka kinyume, unazungusha kufuata mshale wa saa. Mimi nililazimisha nikaharibu uzi, usirudie. Mnyororo upake oili. Chini weka mbao, siyo sementi tupu. Usifunge na nailoni, unyevu unabaki ndani. Natumia shuka kuukuu. Na kila nikienda kulipa kodi najaza upepo, maana tairi likilala bila upepo linapasuka ubavuni.

Sasa kila baiskeli inanila 5,000 kwa mwezi. Nimejiwekea kwamba ikifika mwezi wa sita haijatoka nashusha mpaka 230,000, siendelei kuilipia kwa matumaini. Ya kijani iliondoka Juni kwa 255,000, mtoto akaijaribu hapohapo uani kwa mama. Ya bluu bado ipo, na siti yake mpya. Oktoba ndiyo inashuka bei.

Wewe mzigo mkubwa unaulaza wapi, na unalipa ngapi? Weka hapo chini.