Hukumu ya Michezo ya Ubaoni ya Zama Hizi

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wetu wanaosoma Ulaya: wenzao wa chuoni hukutana jioni kucheza michezo ya ubaoni, nao hualikwa. Je, waende? Mzee mmoja amekwishawajibu kwa simu kwamba yote ni kamari. Lakini wanazuoni wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tuanze kwa kufahamu.

Michezo yenyewe

Kitovu cha michezo hii ni Ujerumani. Tangu mwaka 1979 jopo la wahakiki hutoa huko tuzo ya Spiel des Jahres, yaani Mchezo wa Mwaka, na tangu 1983 mji wa Essen huwa na maonesho makubwa ya michezo kila mwaka. Jina la mtunzi huandikwa juu ya sanduku kama la mwandishi juu ya kitabu.

Mwaka 1995 tuzo hiyo ilikwenda kwa Catan, mchezo wa Klaus Teuber, aliyefariki mwaka 2023. Wachezaji 3 au 4 hujenga barabara na vijiji kisiwani, na hubadilishana mbao, matofali, sufu, nafaka na madini. Kila zamu hurushwa dado mbili kuamua ardhi ipi itoe mazao. Anayetangulia kupata pointi 10 ndiye mshindi.

Mwaka 2014 ulitoka Five Tribes, wa Mfaransa Bruno Cathala. Humo mchezaji huchota vipande vya mbao kwenye kigae kimoja na kuviacha kimoja kimoja katika vigae vinavyofuata, mfano wa kete za bao letu.

Maneno ya mafuqaha

Kwanza, kamari. Allah (S.W.) ameiharamisha katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, na akabainisha illa yake: uadui, chuki, na kuzuiliwa na dhikri na Sala. Kamari ni kila mchezaji kuweka mali bila kujua atapata au atapoteza. Wasipowekeana kitu, hakuna kamari. Wakikubaliana kwamba atakayeshindwa alipie chakula cha wote, imeingia, hata wakicheza sataranji.

Pili, dado. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Buraida (R.A.) hadithi inayomfananisha mcheza nardi na aliyechovya mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Imam an-Nawawi ameeleza kuwa hadithi hiyo ni hoja ya Shafi na jumhuri katika kuharamisha nardi. Ama sataranji, Malik na Ahmad wameiharamisha, na katika madhehebu yetu ni makuruhu.

Tatu, mizani. Ibn Hajar al-Haytami, katika Tuhfatul Muhtaj, amenukulu muhtasari wa kauli ya Imam ar-Rafii: mchezo unaotegemea hesabu na fikra hauharamiki, na unaotegemea kubahatisha unaharamika. Katika mifano ya hesabu ametajwa al-manqala, mchezo wa mashimo na vijiwe, ndugu wa bao letu. Ila kuna sharti: hesabu yake isifuate kinachotolewa na vijiti vya kurushwa. Ikifuata, ni haramu.

Kuipeleka hukumu mahali pake

Katika Catan akili ina nafasi, hasa katika kubadilishana bidhaa, lakini mazao hayatoki mpaka dado iseme. Kwa mizani hiyo tunaona Muislamu auache. Wala kuweka karata za namba badala ya dado hakubadilishi kitu, kwani mazingatio ni maana, si majina.

Five Tribes uko karibu zaidi na al-manqala. Vigae hupangwa kwa bahati, lakini uzito wa mchezo ni hesabu. Tatizo lake liko kwingine: zimo karata za majini ambao mchezaji hujipatia nguvu zao. Huo ni mlango wa itikadi, na hatupendi kijana azoee kuufanyia mzaha.

Tena liko funzo. Toleo la kwanza lilikuwa na karata za watumwa. Baadhi ya wachezaji walilalamika, na wachapishaji wakaweka mafakiri badala yake. Basi kijana wetu akisema kwa adabu kinachomkera, huenda akasikilizwa.

Jibu letu

Waende, kwa masharti: mchezo uwe wa hesabu, bila dado na bila dau, pasiwe na pombe mezani, na wakati wa Sala ukiingia, ubao uachwe. Michezo hii huweza kuchukua saa mbili au tatu, na Magharibi haingoji. Wajue pia kwamba kisichoharamishwa si lazima kiwe chenye kusifiwa.

Na sisi maimamu tujihadhari. Kijana aliye ugenini akiambiwa "haramu" na mtu asiyejua alichoulizwa, kesho hatauliza tena, hata kwenye jambo ambalo ni haramu kweli.

Wallahu a'lam.