Chama Kidogo, Cheti Kikubwa

Ukitaka kuwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kule Mbagala, Tandika au Manzese, sheria haiulizi kwanza kama majirani wanakufahamu. Inauliza umedhaminiwa na chama gani. Kazi yenyewe ni kuandika barua za utambulisho, kusimamia ulinzi shirikishi, kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa kiwanja na kusikiliza malalamiko ya mtaro ulioziba. Sioni itikadi ndani ya mtaro. Hata hivyo, bila chama hugombei. Panda ngazi hadi udiwani, ubunge na urais, utakuta kanuni ni ile ile: Katiba, katika ibara za 39 na 67, inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa anayetaka kuvielewa vyama vidogo vya nchi hii. Vijiweni tumezoea kuviita wasindikizaji, vyama vya mfukoni, CCM B. Kejeli hizo hazijakosea sana, ila hazielezi kwa nini chama kisicho na mbunge hata mmoja kinadumu miaka 30, tena viongozi wake wakishitakiana mahakamani kukigombania. Watu hawagombanii debe tupu. Wanachogombania ni cheti cha usajili wa kudumu, kwa kuwa ndicho kibali pekee cha kuingia kwenye karatasi ya kura.

Kukipata cheti si kazi ya kutoa jasho jingi. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inataka wanachama 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar, mmoja Unguja na mwingine Pemba. Piga hesabu: ni watu 2,000. Uwanja wa Mwembe Yanga pale Temeke umewahi kupokea umati mkubwa kuliko huo kwa mkutano wa jioni moja. Shida huja baadaye, chama kinapotakiwa kuishi.

Kumbuka pia kwamba mfumo huu haukuletwa na maandamano ya mitaani. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, takriban watu 8 kati ya 10 walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na sheria ikaanza kazi Julai 1992. Wageni wakaingia uwanjani wakakuta mwenyeji ameshaota mizizi. CCM ilikuwa imerithi kutoka TANU mabalozi wa nyumba kumi. Kisheria, tangu 1992 balozi ni kiongozi wa chama tu. Kwa mazoea ya uswahilini bado wapo wanaomwendea yeye kwanza mume na mke wakikosana usiku au mpangaji mgeni akitiliwa shaka. Chama kidogo hakina mtu wa namna hiyo. Kina mlingoti wa bendera, meza, na katibu anayelipa pango la ofisi kwa kuungaunga, maana ruzuku ya serikali hufuata kura na viti; asiye navyo haongezewi.

Pengo hili ni la zamani kuliko CCM yenyewe. Katika uchaguzi wa rais wa 1962, Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC, aliyekuwa amejitoa TANU, alipata kura 21,276 dhidi ya zaidi ya milioni 1.1 za Mwalimu Nyerere. Miaka mitatu baadaye sheria ikakitambua chama kimoja tu kwa kila upande wa Muungano. Ajabu ni kwamba ushindani haukufa wote: jimboni TANU ilisimamisha watu wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwenzake kwa alama ya nyumba, na mwaka 1965 Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akaangushwa na wapiga kura. Ningependa vijana wa leo walifahamu hilo kabla ya kudhani kwamba wingi wa bendera ndio wingi wa chaguo.

Basi chama kidogo kinaweza kufanya nini? Tuanze na lililo jema. Mwaka 2005 Chadema ilikuwa chama kidogo kwa kipimo chochote: wabunge watano wa majimbo na chini ya asilimia 6 ya kura za urais. Septemba 15, 2007, Dk. Willibrod Slaa wa chama hicho alisimama pale pale Mwembe Yanga akasoma orodha ya watu 11 aliowatuhumu kwa ufisadi. Suala la fedha za EPA zilizochotwa Benki Kuu likawa gumzo la kila daladala. Januari 2008 Gavana akaondolewa. Mwezi uliofuata, kwa kashfa nyingine, ile ya Richmond, Waziri Mkuu akajiuzulu. Wabunge wa CCM walichangia sana, hasa kwenye Richmond, na ni haki kulisema. Lakini mtu wa kulitamka jambo kwanza, hadharani, bila kuogopa kuitwa na kikao cha nidhamu cha chama chake, alitoka nje ya chama tawala.

Matumizi ya pili ya cheti ni kuhamisha umati. Temeke inalijua hili vizuri. Augustino Mrema, waziri aliyetoka CCM mwaka 1995, aliingia NCCR-Mageuzi na kukipa karibu asilimia 28 ya kura za urais. Wafuasi walikuwa wakilisukuma gari lake kwa mikono. Mwaka 1996 Temeke ikampa ubunge katika uchaguzi mdogo. Mwaka 1999 akahamia TLP, na umati ukagawanyika naye. Mwaka 2000 NCCR haikuwa hata na mgombea urais, na Mrema kwa tiketi ya TLP hakufikisha asilimia 8. Umati ulikuwa wa mtu. Chama kilikuwa chombo cha kumvusha tu.

Wengine walikitumia chombo hicho kwa ustadi zaidi. Machi 2019, baada ya Mahakama Kuu kumtambua Profesa Lipumba kuwa mwenyekiti halali wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa katibu mkuu wa chama hicho, alitangaza siku hiyo hiyo kwamba yeye na wenzake wanahamia ACT-Wazalendo. “Shusha tanga, pandisha tanga,” ndivyo ilivyosemwa, na ofisi za Unguja na Pemba zikapakwa rangi mpya. Chama kilichosajiliwa 2014 kikawa nguvu kuu ya upinzani Zanzibar. Mei 2025 kundi la waliojitoa Chadema likaingia CHAUMMA, chama cha Hashim Rungwe ambacho wengi walikijua kwa ahadi ya ubwabwa na kwa kura za urais zisizofika asilimia 1. Miezi michache baadaye CHAUMMA kilikuwa na mgombea urais anayejulikana nchi nzima, Salum Mwalimu. Ubwabwa ulichekwa, ila cheti kilihifadhiwa, na siku ilipofika kilihitajika.

Salum Mwalimu huyo huyo aligombea Kinondoni kwa Chadema katika uchaguzi mdogo wa Februari 2018, na kisa cha uchaguzi ule kinafaa kutazamwa kwa utulivu. Maulid Mtulia alichaguliwa mbunge wa Kinondoni 2015 kupitia CUF. Desemba 2017 akajiuzulu, akaingia CCM kwa ile kauli ya kuunga mkono juhudi za Rais. Kwa kuwa kiti ni cha chama, jimbo likabaki wazi, uchaguzi ukaitishwa, na mshindi akawa Mtulia. Gharama haikuwa ya fedha tu: jioni ya kuamkia kura, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa Chadema, risasi ilimuua Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa ndani ya daladala. Temeke nako, mbunge wa CUF, Abdallah Mtolea, alihamia CCM mwishoni mwa 2018 na kurudi bungeni bila kupingwa. Wapiga kura wa majimbo mawili walikuwa wamechagua upinzani mwaka 2015. Kabla ya 2020 hawakuwa nao tena, na wabunge wao walikuwa wale wale.

Ungedhani basi kwamba chama ndicho bwana wa kiti. Novemba 2020 Halima Mdee, aliyekuwa mbunge wa Kawe kwa miaka 10, na wenzake 18 waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu vya Chadema. Chama kikasema hakikuwateua, kikawavua uanachama. Wakabaki bungeni. Kanuni iliyomng’oa Mtulia kitini haikuwang’oa wao. Ukiziweka kesi hizi pamoja unaona kwamba cheti kina nguvu pale tu mwenye mamlaka ya kukitambua anapotaka kiwe nayo.

Cheti ni ngazi pia. Anna Mghwira aligombea urais kwa ACT-Wazalendo mwaka 2015; 2017 akateuliwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Kitila Mkumbo, mmoja wa waanzilishi wa chama hicho, aliteuliwa katibu mkuu wa wizara mwaka huo huo, na leo ni mwanasiasa wa CCM. Queen Sendiga aligombea urais kwa ADC mwaka 2020. Miezi saba haikuisha akawa Mkuu wa Mkoa wa Iringa. Mrema alimalizia utumishi akiongoza Bodi ya Parole. Siwalaumu kwa kuitika mwito wa kazi. Ila kijana anayetazama teuzi hizo anajifunza kwamba njia ya mkato ya kuingia serikalini hupita upinzani mdogo mdogo, usio na makali.

China imeliweka wazi jambo ambalo sisi tunalifanya kimyakimya. Ina vyama vidogo 8 vinavyokubali rasmi uongozi wa Chama cha Kikomunisti na kushiriki katika baraza la ushauri wa kisiasa. Havigombei madaraka, wala havijifanyi kugombea. Kwetu Katiba inasema nchi ni ya vyama vingi, na kila chama chenye usajili wa kudumu huketi kwenye Baraza la Vyama vya Siasa sawa na mwenzake. Usawa huo wa viti una matokeo yake. Aprili 2025 vyama 18 kati ya 19 vilisaini maadili ya uchaguzi. Chadema, iliyodai mageuzi ya mfumo wa uchaguzi kwanza, haikusaini, na Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba chama hicho hakitashiriki uchaguzi. Kwenye hesabu ya vyeti, 18 kwa 1 ni ushindi wa kishindo. Kwenye hesabu ya watu mambo ni tofauti kabisa, na hapo ndipo wasindikizaji wanapokuwa na thamani kwa chama dola: wanaijaza karatasi.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, karatasi ilikuwa na majina 17 ya urais. Jina la Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo lilikuwa limeenguliwa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, na wengine 16 wakagawana kilichobaki. Siku hiyo hiyo maandamano na ghasia vililikumba Jiji la Dar es Salaam, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa, watu wakapoteza maisha, na baadaye ikaundwa tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuchunguza. Majina mengi kwenye karatasi hayakuzuia hasira kutafuta barabara.

Mtu aliyeliona tatizo hili mapema alikuwa Mchungaji Christopher Mtikila, kiongozi wa DP, chama kidogo kuliko vingi. Tangu 1993 alipigania mahakamani haki ya mwananchi kugombea bila chama. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kuuzima. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema uamuzi ni wa Bunge. Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Tanzania inakiuka haki kwa kumzuia mgombea binafsi, na ikaiagiza serikali irekebishe. Mtikila alifariki Oktoba 2015. Tangu hukumu hiyo uchaguzi mkuu umefanyika mara tatu, na hakuna mgombea binafsi hata mmoja aliyeruhusiwa kusimama, si Ikulu, si Kinondoni, si kwenye mtaa wowote wa Temeke.