Kwa nini kila tangi la maji kwenye mashua linahitaji vali yake

Mashua ya matanga inaweza kuzungukwa na maji pande zote na bado waliomo wakapata kiu. Kutoka Ushelisheli hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,700, na kwa mwendo wa noti 5 safari huchukua takriban siku 8. Tukikadiria lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, watu wanne wanahitaji lita 128, bila kuhesabu akiba. Njiani hakuna pa kujaza. Ndiyo maana mabaharia wengi, kabla ya safari ndefu, hufumua mabomba ya maji matamu na kuyapanga upya.

Tatizo huanzia wapi?

Mashua nyingi zina matangi mawili, moja kila ubavu. Mara nyingi yameunganishwa kwa mpira mmoja unaokwenda kwenye pampu. Bandarini mpango huu hauna shida. Shida huja baharini, upepo unapoilaza mashua upande mmoja. Tangi la upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, huwa juu, na la upande wa pili huwa chini. Njia ikiwa wazi, maji hushuka kutoka tangi la juu hadi la chini. Lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo lita 100 zikihama ni kama mtu mzima na mzigo wake wamehamia upande usiofaa. Mashua huzidi kulala, na maji yanaweza kumwagika kupitia bomba la hewa.

Lakini hatari kubwa ni uvujaji. Mpira mmoja ukichomoka, matangi yote mawili humwagikia kwenye ngama. Na maji ya chumvi yakiingia tangi moja, huharibu yote.

Suluhisho ni lipi?

Kila tangi liwekewe vali yake, karibu kabisa na tangi lenyewe, mahali mkono unapofika hata usiku. Kisha mipira ikutane kwenye bomba moja lenye matawi, halafu chujio, halafu pampu. Baharini, vali moja tu ndiyo iwe wazi. Tangi la kwanza likiisha, tunajua tumebakiwa na kiasi gani.

Kabla ya kukata chochote, tunashauri uchore ramani ya mfumo wote na kuandika jina kwenye kila mpira. Tumia mipira iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa, isiyopitisha mwanga, kwa sababu mwani huota palipo na mwanga. Viungio vya plastiki visikazwe kupita kiasi, hupasuka. Bomba la hewa lipandishwe juu na mdomo wake ugeuzwe chini, pasipofikiwa na mawimbi. Likiziba, tangi halijai vizuri na pampu huvuta kwa shida.

Kusafisha na kujaribu

Baada ya kufunga, matangi husafishwa kwa dawa ya klorini ya nyumbani isiyo na manukato. Ikiwa na nguvu ya asilimia 5, mililita 100 zinatosha lita 100 za maji. Fungua kila bomba hadi usikie harufu ya dawa, acha saa chache, kisha mwaga na suuza hadi harufu iishe. Matangi ya chuma yasikae na dawa muda mrefu, kwani klorini hula chuma.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Washa pampu ya umeme, funga mabomba yote, kisha sikiliza. Pampu ikijiwasha yenyewe wakati hakuna anayetumia maji, kuna mahali panapovuja, au pampu yenyewe inarudisha maji. Kagua kila kiungio kwa karatasi kavu.

Hata mfumo ukiwa mzuri, usiuachie roho za watu peke yake. Betri ikifa, pampu ya umeme haina kazi, hivyo pampu ndogo ya mkono au ya mguu ni lazima. Na madumu machache ya maji, yaliyofungwa vizuri mbali na matangi, hayahitaji vali wala umeme.