Je, Wajua? Kiboko Hajui Kuogelea

Mgeni akipanda boti Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, huulizia mamba kwanza. Sisi waongoza wageni humwelekeza kwa kiboko. Mnyama huyu anayeshinda majini hajui kuogelea! Mwili wake ni mzito, hivyo hutembea kwenye sakafu ya mto, akijisukuma kwa miguu na kubana pumzi kwa dakika kama 5. Hata akilala humo humo, huibuka kuvuta hewa bila kuamka. Na ute mwekundu unaomtoka mwilini si damu wala jasho. Humkinga na jua na vijidudu.

Mamba? Joto la kiota ndilo huamua kama yai litatoa dume au jike. Watoto wakianza kulia ndani ya mayai, mama hufukua mchanga, kisha huwabeba kinywani hadi majini, kwa meno yale yale tunayoyaogopa.

Ukiona vigogo vya mivumo vimesimama ziwani bila kuti hata moja, ujue maji yalihama yakaifuata na kuiua. Furukombe hawalalamiki, wamepata pa kutulia wakivizia samaki.

Mti ninaoupenda zaidi ni mwegea. Maua yake mekundu ya kiza hufunguka usiku na kunuka vibaya, maana mgeni anayesubiriwa ni popo, ndiye mchavushaji. Kivuli chake kizuri, lakini usitandike mkeka hapo: tunda moja laweza kupita kilo 5, na halibishi hodi.