Mashine ya umeme wa misuli: kabla hujaituma nyumbani, soma hapa

Na Mwandishi Wetu, Uingereza

Kwenye mabegi tunayobeba kwenda nyumbani likizo, pamoja na simu, viatu na makopo ya vitamini, siku hizi kimeingia kijisanduku kidogo chenye nyaya na vibandiko vya gundi. Ni mashine ya kusisimua misuli kwa umeme. Hapa Uingereza unaipata duka la dawa au kwenye mtandao kwa pauni ishirini na kitu. Mtu ana mzazi wake Tanga au Mombasa aliyepata kiharusi, mkono umelala, na hospitali yenye mtaalamu wa fiziotherapia iko mbali. Anaona dawa ndiyo hii. Anainunua, anaituma.

Nia ni njema kabisa. Tatizo ni kwamba mashine nyingi za bei hiyo hazikutengenezwa kuinua mkono uliolala. Zimetengenezwa kutuliza maumivu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

VIFAA VIWILI, SURA MOJA

Angalia herufi zilizoandikwa kwenye boksi. Zikiwa TENS, hiyo ni mashine ya maumivu. Umeme wake ni mdogo, unagusa mishipa ya fahamu inayopeleka hisia, na mgonjwa anasikia kama sisimizi wanatembea juu ya ngozi. Maelezo ya jinsi inavyofanya kazi yalitolewa mwaka 1965 na wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall. Walisema uti wa mgongo una kitu kama lango, na hisia za kawaida zikiingia kwa wingi, maumivu yanapata shida kupita. Ndiyo maana ukijigonga goti kwenye meza mkono unakimbilia kulisugua. Hata kwenye maumivu, TENS haisaidii kila mahali: mwaka 2016 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba hapa Uingereza, iliwaambia wahudumu wasiwape TENS watu wenye maumivu ya mgongo wa chini.

Zikiwa EMS au NMES, hapo ndipo tunazungumzia msuli wenyewe. Umeme una nguvu zaidi, unaamsha mishipa inayoamuru mwendo, na msuli unajikunja hata kama mwenyewe hakuuagiza. Kwa kawaida mtaalamu anaweka mapigo 35 hadi 50 kwa sekunde, kila pigo likichukua mikrosekunde 200 hadi 400. Msuli unakazwa sekunde kama 10, halafu unapumzishwa, mara nyingi kwa muda mrefu kuliko ule wa kukazwa. Mapumziko hayo si pambo. Sisi tunapotembea, ubongo unazipokeza zamu nyuzi za msuli, hizi zinafanya kazi na zile zinapumzika. Umeme haujui zamu. Unaziamsha nyuzi zile zile zote kwa pamoja, ndiyo maana msuli unachoka upesi kuliko kwenye mazoezi ya kawaida.

Ziko mashine zenye vyote viwili ndani, na mtu wa nyumbani akibonyeza kitufe kisicho, anakaa mwezi mzima akitekenywa na sisimizi huku akisubiri mkono uinuke.

TOKA SAMAKI HADI TELEVISHENI

Umeme kwenye tiba si jambo la leo. Tabibu wa Kirumi Scribonius Largus, katika karne ya kwanza, alishauri wagonjwa wa jongo wakanyage samaki wa jamii ya taa mwenye umeme mwilini mpaka mguu ufe ganzi. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alitangaza majaribio yake ya kurusha miguu ya vyura waliokufa kwa umeme. Karne iliyofuata Mfaransa Duchenne alitumia umeme kusoma msuli mmoja mmoja wa binadamu, na picha zake za uso unaokunjwa na umeme zinatisha mpaka leo.

Kelele kubwa zilikuja miaka ya 1970, pale Yakov Kots wa Urusi ya Kisovieti aliposema kuwa wanariadha wake wanaongezeka nguvu hadi asilimia 40 kwa umeme wa mizunguko 2,500 kwa sekunde, sekunde 10 kazi na 50 mapumziko, mara kumi. Maabara za Magharibi zilijaribu na hazikupata kitu cha kiasi hicho kwa watu wenye afya. Lakini wafanyabiashara walikuwa wameshasikia. Mwaka 2002 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki wauzaji wa mikanda mitatu ya tumbo iliyokuwa ikitangazwa sana kwenye televisheni, kwa kudai kwamba mtu atapata tumbo la mwanamichezo bila kutoka jasho.

PALE INAPOFANYA KAZI

Baada ya upasuaji wa goti, msuli wa mbele wa paja unasinyaa haraka ajabu. Maumivu na uvimbe vinaufanya mfumo wa fahamu uuzuie usikaze, kama breki iliyong'ang'ania. Umeme unaipita breki hiyo. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 1995 majaribio kwa watu 110 waliotengenezewa ukano wa ndani ya goti. Waliopata umeme wenye nguvu pamoja na mazoezi walirudisha asilimia 70 au zaidi ya nguvu za paja la upande mzima. Waliofanya mazoezi makali bila umeme walifika asilimia 57. Waliopewa umeme mdogo, wa vifaa vya kubeba mkononi, walifika asilimia 51 tu. Kwa maoni yangu takwimu hiyo ya mwisho ingebandikwa kwenye kila duka linalouza vijisanduku hivi. Umeme wa kuamsha msuli hauwi wa starehe, mgonjwa anavumilia.

Kwenye kiharusi habari ni ndefu kidogo. Kiharusi kinaumiza ubongo, lakini mshipa wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye msuli unabaki mzima. Ni kama nyumba ambayo nyaya zake ni nzima ila swichi kuu imeharibika. Hivyo umeme wa nje unaweza kuukaza msuli. Tangu mwaka 1961 daktari Liberson na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa mtu ambaye unyayo wake unaburuta anaweza kuwekewa swichi chini ya kisigino. Akinyanyua mguu, umeme unapiga mshipa ulio karibu na goti na unyayo unainuka. Hapa Uingereza kifaa cha namna hiyo kiliendelezwa Salisbury, na mwaka 2009 NICE ilikubali matumizi yake kwa unyayo uliolegea kwa sababu ya ubongo au uti wa mgongo.

Mkono ni mgumu zaidi. Mwongozo wa NICE wa mwaka 2013 ulisema mgonjwa wa kiharusi asipewe umeme wa mkono kama jambo la kawaida kwa kila mtu. Ulisema ujaribiwe kwa yule ambaye msuli wake umeanza kuonyesha dalili ya kukaza lakini hawezi kuunyanyua mkono dhidi ya uzito, tena huku akifanya mazoezi ya kazi halisi, kama kushika kikombe. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mama anabandikwa vibandiko, anaangalia tamthilia, vidole vinacheza vyenyewe. Anatakiwa ajaribu mwenyewe kufungua kiganja kila umeme unapoingia, ili ubongo ushiriki.

PALE ISIPOFANYA KAZI

Kijana aliyeanguka na bodaboda, bega likavutwa mpaka mishipa ya fahamu ya shingoni ikakatika, hali yake si ya kiharusi. Hapa nyaya zenyewe ndizo zimekatika. Vivyo hivyo aliyepooza kwa polio, kwa kuwa polio huua seli za uti wa mgongo zinazoamuru msuli. Msuli wa namna hiyo unahitaji mapigo marefu sana, ya makumi ya milisekunde, ambayo kijisanduku cha duka la dawa hakina. Utaongeza umeme mpaka ngozi iungue na msuli usitikisike.

Na kuungua ni hatari ya kweli kwa mtu ambaye upande wake hausikii vizuri, maana hatasema kuwa panauma. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiwekewe kabisa bila daktari wake. Vibandiko visiwekwe mbele ya shingo, wala kwenye tumbo au kiuno cha mjamzito, wala juu ya uvimbe wa saratani, wala kwenye mguu unaoshukiwa kuwa na damu iliyoganda, wala juu ya kidonda. Na vijana wetu wanaovaa fulana zenye umeme mwili mzima kwenye majumba ya mazoezi wajue kuwa mwaka 2016 madaktari wa Israeli waliandika kwenye jarida la BMJ wakitaka zidhibitiwe, baada ya watu kulazwa kwa kuvunjika kwa nyuzi za misuli, hali inayoweza kuharibu figo.

KABLA HUJALIPA

Piga simu nyumbani kwanza, uliza kama mgonjwa ameonwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Wapo KCMC Moshi, wapo Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, wapo Kenyatta Nairobi, wapo Mnazi Mmoja Unguja, na kwenye hospitali nyingi za mikoa. Zungumza naye mwenyewe. Muulize mashine ya aina gani, vibandiko vikae wapi, nani atamsimamia mzee. Akikuambia haihitajiki, pesa hiyo inaweza kulipa nauli za kwenda mazoezini kwa wiki kadhaa, na mimi ningefanya hivyo bila kusita.

Akikubali, nunua na vibandiko vya akiba, kwa sababu gundi inakwisha baada ya kutumika mara 20 au 30, na kwa vumbi na joto la kwetu inaweza kwisha mapema zaidi. Ngozi ioshwe na kukaushwa kwanza, isipakwe mafuta ya mgando. Kama mashine ina chaja na umeinunua Marekani, hakikisha imeandikwa volti 100 hadi 240, kwani Tanzania ni 230 na Kenya 240. Kama ni ya betri, tuma na betri. Na mwambie kila aliyeko pale nyumbani kwamba betri ikiisha inanunuliwa nyingine. Asije fundi wa redio akaiunganisha na umeme wa ukutani huku mzee amebandikwa.