Juba: Kuwafundisha watoto wa Atlabara kuhusu uhai uliomo udongoni

Maganda ya maembe, majani ya mwarobaini na mabaki ya jikoni yanayochomwa moto mjini Juba yanaweza kuwa mbolea, na pia somo la sayansi lisilohitaji maabara.

Atlabara ni mmoja wa mitaa ya makazi ya Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, uliopanuka kwa kasi baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005. Huduma ya kuzoa taka haikukua kwa kasi hiyo. Familia nyingi mjini huchoma taka au kuzitupa kwenye mifereji, ambayo huziba na kufurika msimu wa mvua. Katika mji uliokumbwa na kipindupindu mwaka 2014, maji machafu si jambo dogo.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilikadiria mwaka 2018 kuwa asilimia 57 ya taka za mijini barani Afrika ni zile zinazooza. Mtoto anayejua kuzitenga taka hizo na plastiki anaweza kupunguza sehemu kubwa ya taka za nyumbani kwao.

Nani hula taka?

Kitu kinachooza hakipotei, bali huliwa. Mchwa, jongoo na nyungunyungu hukikatakata vipande vidogo, kisha bakteria na kuvu huvimeng'enya. Virutubisho vilivyokuwemo, kama vile naitrojeni, hurudi udongoni na kufyonzwa na mizizi ya mimea. Kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye rutuba huweza kuwa na bakteria hadi bilioni moja.

Jaribio la ndoo

Njia nyepesi ya kuwaonyesha watoto jambo hili ni kufukia vitu vinne udongoni: ganda la ndizi, jani la mwarobaini, kipande cha karatasi na kipande cha mfuko wa plastiki. Kila kimoja huwekewa kijiti cha alama, na udongo hunyunyiziwa maji usikauke. Baada ya wiki nne, watoto hufukua na kulinganisha. Ganda litakuwa limelainika au kutoweka kabisa, ilhali plastiki itakuwa kama ilivyofukiwa.

Ni salama zaidi kutumia ndoo kuukuu iliyotobolewa chini kuliko kuchimba shimo. Mabaki ya vilipuzi vya vita bado hupatikana nchini, kwa hiyo watoto hawapaswi kuchimba mahali pasipojulikana. Udongo uchukuliwe kwenye bustani inayolimwa, mbali na choo, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kutoka ndoo hadi bustani

Darasa linaloelewa jaribio hilo linaweza kutengeneza mboji. Sehemu tatu hivi za majani makavu huchanganywa na sehemu moja ya mabaki mabichi ya jikoni. Rundo liwe na unyevu bila kutiririsha maji, nalo ligeuzwe kila wiki ili hewa ipenye. Nyama, mafuta na kinyesi visiwekwe, kwani huvuta nzi na panya au hubeba magonjwa.

Rundo la kimo na upana wa mita moja huweza kufikia nyuzijoto 55. Fimbo iliyochomekwa katikati yake ikichomolewa huwa ya moto, na mtoto hutambua kuwa joto hilo hutokana na viumbe asivyoviona kwa macho. Baada ya miezi miwili hadi minne, mboji huwa nyeusi na yenye harufu ya udongo, tayari kwa bamia au mboga ya mlenda, ambayo wakazi wa Juba huiita kudra.

Mtaala wa taifa uliozinduliwa mwaka 2015 unaitaka elimu ya mazingira iingizwe katika masomo mbalimbali. Kwa walimu wa Juba, ndoo moja yenye udongo inatosha kuanza.