Nyuki wakiweka makazi uani: la kufanya kabla ya kuwasha moto

Nyuki wanapohamia kwenye ufa wa ukuta au ndani ya choo cha shimo, wakazi wengi hukimbilia petroli na kiberiti. Katika mitaa ya Kamukuzi mjini Mbarara, au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyofunguliwa mwaka 1958, ambako baadhi ya nyumba zina turubai, moto huo waweza kuteketeza nyumba kabla ya kuwamaliza nyuki.

Kwanza itambuliwe kama nyuki wamepumzika au wamehamia. Mzinga unapojaa, malkia wa zamani huondoka na nyuki wengi, nao huning'inia tawini wakati wenzao wachache wakitafuta makao mapya. Kundi hilo halina masega wala majana ya kulinda. Kwa kawaida si kali, na mara nyingi huondoka ndani ya siku chache. Linalotakiwa ni subira, na kuwaweka mbali watoto na mifugo.

Wanaoingia na kutoka mfululizo kwenye tundu moja wameshajenga, nao huyalinda makao yao kwa ukali. Nyuki anapouma, mwiba wake hutoa harufu inayowaita wengine. Ndiyo maana kurusha mawe au kufunga mbuzi karibu na tundu ni hatari.

Kazi ya kuwahamisha ni ya mfugaji nyuki mwenye vazi la kinga, na hufanywa jioni. Moshi hufifisha ile harufu ya kuitana. Masega hukatwa na kufungwa ndani ya mzinga, na malkia akishaingia, wengine humfuata. Baada ya hapo tundu lisafishwe na kuzibwa, kwani harufu ya nta huvuta kundi jingine.

Anayeshambuliwa akimbie moja kwa moja hadi ndani ya nyumba huku amefunika uso, asiruke majini. Miiba ikwanguliwe haraka kwa ukucha. Akishindwa kupumua vizuri, akivimba uso, akizimia au akiwa ameumwa mara nyingi, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Maboga na matango ya shambani hutegemea wadudu hao kubeba chavua. Mzinga uliohamishiwa mbali na nyumba humwachia mwenye shamba mavuno hayo, pamoja na asali.